Kuni zitakuumbua: mwongozo kamili wa kuchanja, kubeba na kuwasha

Nilihamia Njombe mwezi wa Juni nikiwa na koti la jinzi na imani kwamba moto ni kazi ya kiberiti. Nimekulia Temeke. Kwetu moto ulikuwa mkaa wa kupimiwa kwenye kopo, na baadaye mtungi wa gesi, unazungusha kitasa basi. Kuni nilizijua msibani na kwenye shughuli tu, pale wanaume wanapolizunguka sufuria la pilau, mmoja anakoroga na tisa wanatoa ushauri.

Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai ukitoa pumzi unaiona. Nyumba nyingi nilizoingia zina mtungi wa gesi umekaa kona, umevishwa kitambaa cha kufuma kama bwana harusi, na unawashwa mgeni akifika ghafla. Maharage, maji ya kuoga na kuota moto jioni ni kazi ya kuni.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi wa mke wangu, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu ananiita "mume wangu", aliruka jembe akanipa shoka. Nyumba yake iko mlimani, yetu bondeni, kama hatua mia mbili hivi. Asubuhi ya kwanza niliyowasha moto peke yangu alishuka akiwa amejifunga khanga mbili, hata hodi hakupiga. "Mume wangu, umechanganya mlingoti mbichi na msindano. Na umezibananisha." Alikuwa bado yuko uani. Jikoni hajatia mguu. Aliusoma moshi.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo mwongozo huu wote umejengwa juu yake: kosa ulilofanya shambani miezi mitatu nyuma linatokea leo juu ya paa lako, na mtaa mzima wanalisoma huku wakipiga mswaki.

Hatua ya kwanza: mjue mti kabla hujauinulia shoka

Njombe ni nchi ya miwati. Kwao mti huu ni Australia. Huku ulipandwa kwa ajili ya magome yake, yenye tanini ya kutengenezea ngozi. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza hapa mwaka 1949 kwa biashara hiyo, na leo mwati unajiotea pembezoni mwa mashamba kana kwamba ulialikwa. Kwa kuni sijaona mpinzani wake. Unapasuka vizuri, moto wake ni mkali, na unaacha makaa ya maana. Halafu magome yake mabichi, ukiyachuna marefu, ni kamba ya kufungia mzigo. Mti unaokuja na kamba yake mwenyewe! Kuna ndugu zangu hawajawahi kunifanyia ukarimu wa namna hiyo.

Mlingoti, ambao kwingine wanauita mkaratusi, ni mzito na moto wake unadumu. Tatizo ni nyuzi zake, zimejisokota. Ukiuchanja ukiwa mbichi mtaelewana. Ukiacha gogo zima likauke, shoka litadunda kama umepiga tairi. Ninalo moja nyuma ya nyumba nililoanza kuligonga mwaka juzi. Siku hizi tunalikalia.

Msindano, yaani mpaini, una utomvu mwingi, kwa hiyo unashika moto haraka, unapasuka-pasuka na kurusha cheche, na unaipaka sufuria masizi kama umeidharau. Mpe kazi ya kuwashia, usimpe kazi ya kupika. Matawi ya mparachichi, ambayo siku hizi huku hayakosekani kila watu wakipogoa mashamba yao, ni mepesi na yanaisha upesi. Ni kuni za chai. Ukiinjika makande kwa kuni za mparachichi utakuwa mtumishi wa lile jiko mpaka magharibi.

Kuna vitu havichomwi kabisa. Minyaa ya ua, ile yenye utomvu mweupe, usiikate ovyo wala kuichoma: utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mbao za kochi la zamani zenye rangi na vanishi, hapana. Na kwa sisi wa ukanda huu wa nguzo za umeme, vile vipande vya nguzo vyenye ukijani-kijani vinavyotupwa karakana, ambavyo kila mtu anaona ni kuni za bure, usivisogeze karibu na chakula. Ukijani ule ni dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na dawa ya aina hiyo huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Mchwa wenyewe wamekataa kula, wewe unataka kupikia ugali?

Na kabla ya kukata, uliza mti ni wa nani. Mti wako shambani kwako ni wako, lakini hata huo ukiwa ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakukataza kufanya shughuli zako pale. Msitu wa hifadhi una wenyewe na wana vibali vyao. Shamba la jirani nalo lina mwenyewe, naye ana mbwa.

Hatua ya pili: kuchanja mbele ya watazamaji

Hakuna anayechanja kuni peke yake. Ukiinua shoka tu, watu wanatokea. Siku yangu ya kwanza watoto wanne walipanda ukutani wakawa wanahesabu mapigo kwa sauti. Gogo la kwanza lilifika thelathini na saba, na waliposhangilia nilitamani wangenyamaza.

Anza na viatu. Kandambili ni za bafuni. Vaa buti, au hata raba nzito, na suruali ndefu. Tafuta kigogo kipana cha kuchanjia, cha kufika chini kidogo ya goti, ukikaze ardhini kisicheze. Usichanjie juu ya udongo mtupu: shoka likipitiliza linakutana na jiwe, na jiwe halijawahi kushindwa.

Shoka linolewe kwa tupa. Watu wanaogopa shoka kali, kumbe la kuogopa ni butu, maana butu linateleza na linatafuta mguu. Angalia na mpini. Kichwa kikicheza hata kidogo, simama, gonga kabari ndogo ya mti mkavu kwenye tundu la juu mpaka kikaze. Mimi nilisema nitamalizia gogo moja kwanza. Kichwa cha shoka kikaruka, kikavuka ua, kikatua kwenye banda la kuku la jirani. Hakuna kuku aliyeguswa, ila mtetea mmoja aligoma kutaga wiki mbili, na jirani ananihesabia yale mayai mpaka leo.

Sasa pigo lenyewe. Panua miguu usawa wa mabega, gogo likiwa mbele yako kwa umbali ambao ukinyoosha mikono shoka linafika katikati yake. Mkono mmoja ukae mwisho wa mpini, wa pili uanzie karibu na kichwa na uteleze kushuka shoka linapokwenda chini. Kunja magoti kidogo mwishoni. Usitumie hasira, uzito wa shoka unatosha, kazi yako ni kulielekeza. Tazama kwanza gogo lina ufa wapi, maana mti ukianza kukauka unakuonyesha mwenyewe unapotaka kupasukia. Piga juu ya ufa huo. Gogo likiwa nene kuliko paja usilivamie katikati, limenye pembeni kidogo kidogo ukizunguka. Fundo la tawi likwepe, na lisipokwepeka geuza gogo uanze upande wa pili. Lile lililogoma kabisa mpe kabari ya chuma na nyundo, na lisipokubali hapo, umepata kiti.

Watoto na kuku wakae mbali, hatua kumi hivi. Watoto watakaa. Kuku hatakaa.

Toa saizi tatu, na hili ndilo wengi wanaliruka: vijiti vya unene wa penseli, vya unene wa kidole gumba, na kuni zenyewe za unene wa kiwiko cha mtoto. Urefu, kwa jiko banifu la udongo, nusu mita inatosha. Mimi nilitoa saizi moja tu, kubwa, kwa sababu zilionekana za kiume. Asubuhi yake nilikuwa napiga magoti nikijaribu kuwasha gogo kwa njiti ya kiberiti, kama mtu anayejaribu kumwamsha tembo kwa unyoya.

Hatua ya tatu: kubeba

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimtazama Bibi akishuka na tita lake kichwani, mikono haijaligusa, anaongea na simu, nikaona ni jambo la kawaida. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu, ukaonyesha kwamba wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Bila ya ziada hata kidogo, kama vile hawajabeba kitu. Utafiti haukuwahusu wanaume wa Temeke. Mimi nina kilo 70, asilimia 20 yake ni kilo 14. Siku ile nilijitwisha nusu ya mwati.

Kwa hiyo anza na kilo 10, mzigo ambao hautakuvutia sifa. Panga kuni ukipishanisha, ncha nene huku na ncha nyembamba kule, ili tita lisiwe zito upande mmoja. Funga sehemu mbili, si moja ya katikati. Fundo moja la katikati linaligeuza tita kuwa mkasi. Tafuta kati yake kwa kulilaza juu ya mkono mpaka litulie, ukapajue pale.

Ngata ni lazima. Kunja khanga au kitambaa kizito, kisokote, kizungushe kiwe duara la kukaa utosini. Bila ngata shingo itakukumbusha usiku kucha. Kujitwisha ukiwa peke yako, simamisha tita uliegemeze kwenye mti, chuchumaa chini yake, liingize kichwani pale katikati ulipopapata, kisha inuka kwa nguvu ya mapaja. Mgongo ubaki wima. Ukitembea tazama mbele kama unakwenda kuhojiwa na mkuu wa wilaya. Ukiinamisha uso kutafuta mashimo, mzigo wote unainama na wewe.

Jambo moja hakuna aliyeniambia: una mita mbili za mti kichwani, na ukigeuka nazo zinageuka. Nilisalimiwa nyuma yangu, "Kamwene!", nikageuka kuitikia kwa adabu. Genge la mama mmoja likapoteza mafungu matano ya nyanya. Nikageuka tena upande wa pili kumwomba radhi. Hapo yalikwenda maparachichi. Ukiwa na tita, salamu itikia ukitazama mbele, wakubwa wataelewa. Na ukifika nyumbani kumbuka mlango ni mwembamba kuliko mzigo wako.

Wapo wanaosema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, usemi wa enzi za misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakitembea na mizigo kati ya Tabora na pwani. Niliulizia. Mnyamwezi pekee niliyemjua hapa mjini ni mhasibu, na ana mgongo mbovu.

Ukiamua kununua, zitakuja na toroli, bodaboda au kirikuu. Usikubali kuuziwa kwa kilo, kwa sababu kuni mbichi ni nzito na unachouziwa ni maji. Nunua kwa ujazo, na hapo napo chunguza lundo limepangwaje. La kwanza nililonunua lilionekana kubwa mno, mpaka nilipotazama kwa pembeni nikaona panya anapita katikati yake na familia yake bila kuinamisha kichwa.

Hatua ya nne: kupanga na kusubiri

Hapa ndipo moto unapowashwa kweli, na hapa ndipo nilipoharibu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Fanya hesabu: kilo 10 za kuni mbichi zina kama lita 5 za maji. Ukizitia jikoni, kabla hazijakupa joto la chai yako inabidi zichemshe na kukausha hizo lita 5 zao kwanza, ambazo hakuna atakayezinywa. Moshi mweupe mzito unaokutoa machozi ni maji hayo yakipanda pamoja na gesi za mti ambazo moto umeshindwa kuziunguza kwa kukosa joto. Yaani kuni zako zinapita juu ya paa bila kuwaka, na wewe uliyezibeba unazilipia kwa kulia.

Kuni nzuri ni zile ambazo maji yake yameshuka hadi asilimia 20 au chini ya hapo. Vipande vya kiwiko cha mtoto, vikichanjwa Juni na kupangwa vizuri juani na kwenye upepo, mvua za Novemba zinakuta viko tayari au vinakaribia. Magogo yasiyochanjwa yanataka mwaka na zaidi, kwa sababu gome linafungia maji ndani. Ndiyo maana tunachanja kwanza, kisha tunakausha.

Laza magogo mawili ardhini yawe msingi, panga kuni juu yake zisiguse udongo. Acha nafasi za upepo kupita kati yake. Upande wa gome utazame juu, umwage mvua. Juu funika bati au turubai, lakini ubavu uache wazi: nilimwona jamaa mmoja amelifunga lundo lake gubigubi kwa turubai, na alipolifungua miezi mitatu baadaye alikuwa na shamba la uyoga. Usiliegemeze kwenye ukuta wa nyumba, mchwa watalifanya daraja. Na asubuhi kabla hujaingiza mkono kuchomoa ukuni, gonga-gonga kwanza. Nyoka naye anapenda mahali pakavu.

Utajuaje zimekauka? Nchani zina nyufa za kupanuka kama miale. Gome linabanduka kwa ukucha. Ukichukua mbili ukazigonganisha, kavu zinalia *ko!*, mbichi zinalia *du*. Bibi anatumia shavu: anauweka ukuni uliopasuliwa shavuni, ukiwa na ubaridi wa unyevu anaurudisha. Mimi nimejaribu, nikapata kibanzi.

Kuni za leo na kesho ziwe ndani, kwenye uchaga juu ya jiko, zikijikausha na joto linalopita. Ila zisining'inie karibu na ndimi za moto, maana utakuwa umewasha dari.

Hatua ya tano: kuwasha

Njiti tatu. Hicho ndicho kipimo. Ukizidisha tatu, kosa si la kiberiti.

Jambo la kwanza zoa majivu ya jana yanayoziba mlango wa hewa, ukiacha tabaka jembamba chini. Weka kitu cha kushika moto: majani makavu ya msindano, maganda ya mahindi, vibanzi vyenye utomvu. Juu yake vijiti vya penseli, vikipishana kama kiota cha ndege mvivu, vyenye mianya. Washa kwa chini, upande upepo unakotokea, halafu toa mkono na uuache. Hapa ndipo kiherehere kinapotuponza sisi wageni. Tunaona mwali mdogo, tunaufukia na gogo. Subiri vijiti vyote vishike. Tia vya kidole gumba, vitatu vinne. Vikishaunguruma, ndipo ziingie kuni zenyewe, na kati ya moja na nyingine ipite walau nafasi ya kidole. Moto unakula hewa kabla haujala mti.

Kupuliza kuna adabu yake. Puliza chini, kwenye makaa, pumzi ndefu na nyembamba. Kisha geuza uso pembeni ndipo uvute hewa. Mimi nilivutia humohumo. Nilikohoa mpaka mke wangu akaja na maji, akaniangalia, akanywa yeye.

Mafuta ya taa usimwage juu ya makaa yanayofuka, hata kama hujaona mwali. Yanageuka mvuke, na mvuke unawaka kwa mkupuo. Nyusi zangu zilirudi baada ya wiki sita, ya kushoto ikitangulia. Na mifuko ya rambo ya kuwashia, ambayo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 lakini kila nyumba bado ina hazina yake chini ya kabati, iache hukohuko. Moshi wake ni sumu na chai inanuka kiwanda.

Ikishindikana kabisa, kaombe kaa la moto kwa jirani. Ni desturi ya zamani, ndiyo maana mgeni anayeaga upesi tunamuuliza kama alikuja kuchukua moto. Utarudi na kijinga mkononi, ukuni unaowaka nusu. Jina lake nadhani halikuja kwa bahati mbaya, hasa ukizingatia sura ya aliyeushika.

Kuuendesha moto, na chungu juu yake

Kuni zinasukumwa, hazirundikwi. Ziingize ncha tu, zikiungua unazisogeza mbele; huko ndiko kuchochea, uchochezi pekee usiokufikisha polisi. Ukitaka moto upungue, vuta ukuni mmoja nje. Jiko banifu lenye bomba linakula kuni chache kuliko mafiga matatu ya wazi, na moshi unatoka nje badala ya kukaa na wewe mezani. Hilo si la utani: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ukiwa na mafiga, yaweke penye dirisha na mlango wazi, na mtoto mchanga mgongoni si mahali pake wakati wa kupuliza. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Nilimsomea Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri. Basi mpaka huo mwaka ufike, chochea, maharage yanapoa."

Na maharage ya huku yana siri. Katika mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi kama 93, si 100 za pwani. Maharage yaleyale, sufuria ileile, yanachelewa kuiva. Mama alipokuja kututembelea alidhani tumeuziwa kokoto. Yaloweke usiku kucha, funika sufuria, na maji yakishachemka vuta kuni moja nje, kwa sababu maji yanayochemka hayazidi joto lake hata ukichoma shamba zima la miti la Sao Hill. Utakuwa unaongeza mvuke tu.

Kabla ya kuinjika, paka sehemu ya nje ya sufuria majivu yaliyokorogwa na maji, au sabuni ya mche. Masizi yatashika pale badala ya kwenye sufuria, na yatatoka kwa kuosha mara moja. Niliambiwa hili baada ya miezi minne ya kusugua kwa mchanga.

Usiku

Makaa ya jioni yakusanye katikati, yafukie kwa majivu, na asubuhi utafukua macho mekundu yanayokusubiri. Vijiti vichache, pumzi mbili, moto umeamka bila kiberiti. Hayo ni ya jikoni, jiko lenye hewa. Chumbani kwa kulala ni marufuku. Baridi ya huku inashawishi kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Makaa yasiyotoa moshi yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kulalamika. Ota moto jikoni mpaka utosheke, kisha kalale na blanketi mbili. Mimi ninazo tatu.

Majivu nayo usiyaamini. Makaa yaliyojificha ndani yanaweza kubaki hai mpaka kesho yake, kwa hiyo yatoe kwa ndoo ya bati. Ya plastiki nilijaribu. Nilifika uani nikiwa nimeshika mkono wa ndoo. Yakipoa kabisa ni dawa ya kusugulia vyombo, ya kunyunyizia chooni cha shimo, na ya kutia bustani ya mboga kwa kiasi, maana yanapunguza uchachu wa udongo. Kwenye viazi mviringo usitie, ngozi itaota ukurutu na sokoni watakupa bei ya huruma.

Julai iliyopita nilikuwa na kuni za mwati za mwaka mzima, saizi tatu, zinalia *ko*. Niliwasha saa kumi na mbili asubuhi, njiti moja. Maharage yalikuwa yanatokota nilipomwona Bibi anashuka mlima mbiombio, khanga moja imemdondoka njiani. Alifika anahema.

"Mume wangu, mnaumwa?"

"Hatuumwi, Bibi. Kwani vipi?"

Alichungulia jikoni, akaona moto, akaona sufuria, akatoka nje kutazama juu ya paa. Hakukuwa na kitu pale isipokuwa hewa inayotetemeka. Alisimama kidogo akiitazama.

"Sasa," akasema, "mimi nitakuwa najuaje kama mmeamka?"